Nyumba Ambayo Mama Mbambu Hakuiuza

Wapendwa wote mliokaa nasi tangu Alhamisi, wachungaji wetu, wazee wa familia mbili, ya Butembo na ya Kipushi, ba mama wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, majirani wa mtaa huu, na ninyi mliofika leo asubuhi kwa kamyo kutoka Kilwa na vumbi la njia likiwa bado nguoni mwenu, naomba tutulie kidogo ili niwasomee maisha ya yule tunayemsindikiza. Mimi ni Kakule Rodrigue, mdogo wake niliyezaliwa nyuma yake, na familia imenipa kazi hii kwa sababu katika wote walio hapa ni mimi niliyemjua kwa miaka mingi zaidi, ingawa Zéphirin, shemeji yangu, ndiye aliyemjua vizuri zaidi, lakini ameniambia kwamba leo sauti yake haitamfikisha mwisho wa karatasi.

Mama Mbambu Madeleine alizaliwa mjini Butembo, Kivu ya Kaskazini, tarehe 3 Mei 1968, binti wa marehemu baba yetu Paluku Jephté, aliyekuwa mnunuzi wa kahawa, na wa marehemu mama yetu Constance, aliyelima maharage na viazi katika milima ya upande wa Lubero. Alikulia kwenye baridi na ukungu wa asubuhi, mtoto mwenye mbio, ambaye mama alikuwa anamtuma shamba la mbali kwa sababu alikuwa anapanda mlima na kurudi akiwa bado anaimba, na sisi wadogo zake tulimfuata nyuma tukihema, naye akitusubiri juu na kutucheka.

Alisoma shule ya msingi hapo Butembo kuanzia 1974 hadi 1980, akaendelea na masomo ya ualimu katika shule ya wasichana, akapata diploma ya serikali mwezi wa Julai 1986, kisha akafundisha darasa la tatu kwa miaka miwili. Alipenda kazi ile, na hata uzeeni, akimwona mtoto ameshika kalamu vibaya, alikuwa anamgeuzia vidole pale pale, awe wa kwake au wa mtu asiyemjua.

Mwaka 1989 baba yetu mdogo, aliyekuwa anafanya biashara ya jumla huku Katanga, aliomba apelekewe mtu mwaminifu wa kumsaidia, na jamaa wakamchagua Mbambu, nami nikapewa kazi ya kumsindikiza, kwa hiyo tuliteremka kwa lori hadi Uvira, tukavuka ziwa Tanganyika kwa meli hadi Kalemie, tukapanda treni iliyosimama porini mara nyingi hata tukajuana na abiria wote wa behewa letu, tukaingia Lubumbashi tarehe 22 Septemba 1989. Isipokuwa baba mdogo, hatukuwa tunajua mtu. Hata Kiswahili cha hapa kilitushangaza, na yaya yangu, yaani huyu dada yangu mkubwa, mwalimu wa watoto, alichekwa sokoni mwezi mzima kabla hajaanza kusema kama wenyeji, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumtambua kuwa mgeni.

Alifanya kazi katika depo ya baba mdogo karibu na soko la Kenya, akiuza maharage, unga na samaki wa chumvi, na baba mdogo aliporudi Butembo mwaka 1992, alimwachia depo ile, naye akaiendesha kwa miaka zaidi ya thelathini, na ba mama wengi waliokaa hapa leo walianza kuuza kwa gunia alilowapa bila kuwauliza maswali mengi. Samaki wake walitoka Kilwa, kando ya ziwa Mweru, na aliyekuwa anamtumia ni mama Kasonde, ambaye yuko hapa, na ambaye mtamsikia tena katika historia hii, kwa sababu aliingia kwetu kama mshirika wa biashara na leo ni ndugu.

Mwaka 1992 huo huo kamyo ya depo iliharibika, akaitwa fundi kijana kutoka Kipushi, Zéphirin Chama, mtoto wa mchimba madini, akaitengeneza, akarudi kesho yake kuiangalia, akarudi tena wiki iliyofuata, akalala chini yake na funguo zake za ufundi mchana mzima, mpaka yaya yangu akainama na kumwambia, “Hii kamyo haiko na ugonjwa, ni weye njo hautaki kuenda kwenu.” Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Agosti 1993, na wazee wetu wa Butembo, ambao walikuwa na wasiwasi juu ya mkwe wa mbali, walitulia walipoona namna alivyokuwa anamsikiliza mke wake anapozungumza, akizima hata mashine ili asikie.

Mungu aliwapa watoto watatu, Aristote, aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1994, ambaye anafanya kazi Luano, kwenye uwanja wa ndege, Dorcelle, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1998, ambaye ni mshonaji, na Graciella, aliyezaliwa tarehe 11 Oktoba 2008, wakati mama yake ana miaka arobaini na hakuna tena aliyekuwa anamngoja mtoto, kwa hiyo alipokelewa kama zawadi iliyopita njiani ikakumbuka kurudi.

Nyumba hii mliyokaa uani kwake waliijenga wenyewe, kidogo kidogo, kuanzia 2001 hadi 2006, wakati nyuma ya ukuta huu kulikuwa na mashamba ya mahindi na matembele tu, na jioni mtu aliweza kusikia vyura wa mfereji. Mwaka 2012 mashamba yale yalichukuliwa, kikasimama kiwanda cha kuyeyusha shaba, ambacho sitakitaja kwa jina, maana nyote mnakijua, na tuko kwenye kilio, hatuko mahakamani. Tuseme ukweli, mwanzoni tulifurahi, vijana wa mtaa walipata kazi, umeme ulianza kufika, na yaya yangu mwenyewe aliuza maharage kwenye jiko la wafanyakazi, akarudi nyumbani akisema kwamba Mungu amemletea wateja hadi mlangoni.

Kisha moshi ukaanza. Mnaujua, lakini nausema kwa ajili ya wale waliotoka mbali, ni moshi mweupe unaokereketa koo kama pilipili iliyoanguka kwenye makala, yaani makaa ya moto, na kipindi cha baridi, mwezi wa sita na wa saba, haupandi, unalala chini, unaingia katika nyumba kupitia chini ya mlango. Majani ya lengalenga, mchicha wetu wa bustani, yaliungua madoa meupe, nguo zilizoanikwa zilitoboka, mabati ya Zéphirin yalioza kabla ya wakati wake, na watoto wa mtaa wote walianza kukohoa kikohozi kimoja, hata asubuhi mtu akisimama njiani alikuwa anasikia nyumba zikijibizana. Wazee waliokuwa na moyo dhaifu walichoka zaidi, wajawazito walifunga kitambaa puani, na sisi watu wazima tulizoea, kwa sababu mtu mzima huzoea haraka kitu kisichomwangusha siku ile ile.

Graciella hakuzoea. Alipokuwa na miaka mitano alianza kushikwa na pumu, na mwaka 2016, tarehe 14 Juni, alianguka darasani, midomo ikiwa imebadilika rangi, mwalimu akambeba mikononi hadi barabarani, ambako mwenye pikipiki aliwapeleka hospitali, na mama yake alipofika alimkuta amefunikwa uso na kifaa cha hewa, macho tu yakionekana. Daktari aliyemtibu, mwanamke mwenye maneno machache, alimwita yaya yangu pembeni akamwambia, “Mama, mukimuondoa kule, huyu mutoto atakomaa. Mukimuacha, mie nitakuwa namupatia dawa, na moshi itakuwa inanishinda.”

Yaya yangu alifikiri kwa muda mrefu, na mwishoni akampigia simu mama Kasonde wa Kilwa, kumwomba ampokee mtoto. Nawaomba vijana wasikilize vizuri hapa, kwa sababu watu wengine walisema kwamba mama Mbambu alimtoa mtoto wake kama mzigo, na hakuwa na namna ya kuwajibu wote. Depo ilikuwa inalisha familia nzima na kumsomesha Dorcelle, karakana ya Zéphirin ilikuwa hapa hapa uani, nyumba ilikuwa ndiyo mali yao yote, kwa hiyo hawakuweza kuhama wote kwa siku moja, na kama ni mmoja tu wa kuhama, alikuwa ni yule asiyeweza kungoja.

Alimpeleka mwenyewe, mwezi wa Agosti 2017, juu ya kamyo ya samaki iliyokuwa inarudi tupu, na mtoto, aliyekuwa na miaka minane, alilia hadi walipolipita daraja la Lufira, kisha akamwuliza, “Mama, nilikosa nini?” Yaya yangu alinisimulia kwamba alimshika kichwa akakiweka mapajani, akamjibu, “Haukukosa kitu, mama. Ni hewa ya kwetu njo ilikosa.”

Kilwa ilimponya. Mwaka ule wa kwanza alishikwa mara mbili tu, mwaka wa pili hakushikwa, akawa anakimbia na watoto wa mama Kasonde hadi ziwani na kurudi. Lakini moyo wake haukupona upesi kama kifua, na mama yake alipokuwa anafika, mara tatu au nne kwa mwaka wakati njia inapitika, Graciella alimwita mama Kasonde “mama” na mama yake mzazi akamwita “mama wa Lubumbashi”, akamsalimu kwa heshima kama anavyosalimiwa mgeni, kisha akatoka kwenda kucheza. Yaya yangu alikuwa anatusimulia hayo akicheka, akimwiga mtoto alivyokuwa anapiga magoti, halafu anaingia jikoni, na hatukumfuata.

Mwaka 2019 yeye na Zéphirin waliamua kuuza nyumba hii, wanunue mahali pengine mbali na moshi, wamrudishe mtoto. Jumamosi tarehe 16 Machi wakaja wanunuzi, kijana Michée na mke wake Lydie, wenye mtoto mgongoni, watu wazuri, waliokuwa wamechoka kupanga. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha jana yake, upepo ulikuwa unatoka upande mwingine, hewa ilikuwa safi kama ya Butembo, na Zéphirin alikuwa amekwisha kuweka vinywaji mezani, kwa sababu maneno yote yalikuwa yamekubaliwa na nilikuwa nimeitwa kuwa shahidi. Lydie aliomba kuona vyumba, na alipofika katika kile kilichokuwa cha Graciella, alisema, “Hapa mutoto atalala muzuri, kuko kivuli.”

Yaya yangu alikuwa amesimama dirishani. Akamwuliza, “Iko na myezi ngapi?”

“Tano, mama.”

Akafunga dirisha lile, akaketi juu ya kitanda, akamwambia, “Mwanangu, keti kwanza. Leo mvua ilinawisha hewa. Murudie siku mupepo inatoka kule kwa kiwanda, mukae hapa tangu asubuhi na mutoto mu mikono, halafu njo muniambie kama mungali munaitaka hii nyumba.”

Michée alidhani anatania, akasema, “Mama, weye unauzisha ao unatufukuza?”

“Nauzisha nyumba, baba,” akajibu, “kikohozi siuzishe.”

Akawasimulia kila kitu, mtoto alivyoanguka darasani, mabati, lengalenga, na mahali alipo Graciella. Walirudi kweli, Jumatano iliyofuata, wakakaa saa moja, mtoto akaanza kupiga chafya na kusugua macho, Lydie akamfunga mgongoni, akamshika yaya yangu mikono yote miwili, wakaenda. Walipata nyumba ndogo upande wa Katuba, na mtoto wao, ambaye ni msichana, alikuwa analetwa hapa kila mwanzo wa mwaka kumsalimu bibi yake asiyekuwa wa damu.

Jumamosi ile ya kwanza wanunuzi walipotoka, Zéphirin alibaki amekaa mbele ya vinywaji vilivyofunguliwa, nami nikitafuta njia ya kuaga bila kuonekana, naye akamwambia mke wake, “Madeleine, umefanya nini? Ile njo ilikuwa mulango yetu ya kutokea.”

“Najua.”

“Kila muntu angenyamaza.”

“Najua, Zéphirin. Lakini niliondoa wangu mu kile chumba. Nitaingiza namna gani wa mwenzangu?”

Shemeji yangu alitoka, akaingia chini ya gari lililokuwa uani, akakaa huko hadi giza. Siku chache baadaye alikuja kwangu, akakataa kuketi, akaniambia mlangoni, “Rodrigue, yaya yako ananishinda. Nilitafuta kosa yake, sikuiona.” Ameniruhusu niyaseme haya mbele yenu, na ameniomba niongeze kwamba wanunuzi wengine walikuja baadaye, na kwamba waliposimulia kwa wenzao habari za mama anayefukuza wateja, hakuja tena mnunuzi yeyote, na kwamba yeye hakumkumbusha tena mke wake jambo lile hata siku moja.

Basi walibaki, na kwa kuwa walibaki, yaya yangu aliamua kusema. Aliwakusanya ba mama wa mtaa, wakaenda kwenye mlango wa kiwanda, wakaenda kwa wakubwa wa mji, wakarudishwa, wakarudi, si kwa matusi wala mawe, walikwenda wamevaa vitambaa vya kanisani na watoto wao mikononi, na kila walipoulizwa wanataka nini, yeye alijibu kwamba wanataka kiwanda kiendelee na kazi na watoto waendelee kupumua. Mwaka 2021 kiwanda kilijenga bomba jipya la moshi, refu kuliko la kwanza, na kweli mtaa wetu ukapata nafuu, lengalenga ikarudia rangi yake, watu wakachinja kuku, wakaja kumshukuru.

Lakini mwaka uliofuata, siku moja sokoni, alikutana na wanawake wa vijiji vya upande wa pili, mbali kabisa na hapa, ambao hawajawahi hata kukiona kiwanda kile, wakimlalamikia kwamba watoto wao wameanza kukohoa na majani ya mihogo yanaungua, akaenda kwao kujionea. Jirani yetu mmoja alimwambia kwenye mkutano, “Mama, sisi tulipona, tuachie bale nabo bajitetee,” naye akasimama, tayari akiwa anashika kiti ili asianguke, akasema, “Tulipona? Moshi haikufa, ilihama tu. Kule inaanguka, kuko batoto pia.” Wakaanza upya safari ile, safari hii pamoja na wanawake wa vijiji, na mwezi wa Februari 2023 kiwanda kilisimamishwa kwa muda, wakaweka mitambo ya kukamata ule moshi kabla haujatoka. Hatutadanganyana kwenye kilio, haujaisha wote, kuna asubuhi ambazo bado tunafunga madirisha, lakini watoto waliozaliwa hapa baada ya hapo wanakohoa kidogo kuliko kaka zao, na hilo tunaliona kwa macho yetu.

Mmesikia nikisema kwamba alikuwa anashika kiti. Ugonjwa wake ulianza polepole mwaka 2022, kwanza alishindwa kuinua gunia, kisha akaacha kuimba wimbo hadi mwisho, kisha akawa anasimama katikati ya uwanja akijifanya anatazama ndege, kumbe anatafuta pumzi, yeye aliyekuwa anatusubiri juu ya mlima. Tarehe 18 Aprili 2023 alipigwa picha ya kifua na kupimwa namna anavyopumua, na waganga wa hospitali wakatueleza kwa uaminifu kwamba njia za hewa zimekuwa nyembamba na hazitafunguka tena, kwamba hawawezi kusema ni kiwanda peke yake, maana alipikia makala maisha yake yote na kuvuta vumbi la depo na la barabara, lakini kwamba moshi wa miaka kumi ulikula sehemu yake, na kwamba lazima aondoke hapa. Alimwachia Dorcelle depo, akamwachia Zéphirin maagizo mengi juu ya chakula, na mwezi wa Agosti 2023 akapanda kamyo kwenda Kilwa, kuishi kwa mama Kasonde, katika chumba kimoja na binti yake.

Graciella alikuwa karibu kufika miaka kumi na mitano, na mama Kasonde ameniambia kwamba majuma ya kwanza walilala kama watu wawili waliokutana kwenye nyumba ya wageni, kila mmoja ameugeukia ukuta wake. Asubuhi moja yaya yangu alikuwa anafagia mlangoni, kazi ambayo alikatazwa, kifua kikamfunga, akapiga magoti, hakuweza hata kuita. Graciella ndiye aliyemwona. Alikuja, akaketi nyuma yake kwenye udongo, akamwegemeza kifuani kwake, akaweka mkono tambarare katikati ya mgongo, akamwambia sikioni, “Polepole, mama. Usipiganie nayo. Toa kwanza, halafu uvute, kama ulinifundishaka.” Walikaa vile mpaka pumzi ikarudi, na baada ya muda mtoto akamwuliza, “Njo vile unasikiaka sasa?” Mama yake akaitika kwa kichwa. Graciella akasema, “Basi nimejua juu ya nini ulinileta huku,” na tangu siku ile, anasema mama Kasonde, yeye alirudi kuitwa mama Kasonde tu, naye alifurahi kunyang'anywa cheo kile kuliko alivyofurahi kupewa.

Miezi ile ya Kilwa ilikuwa mizuri. Alipata nguvu za kutembea hadi ziwani asubuhi, akamfundisha Graciella hesabu za biashara na mapishi ya Butembo, Zéphirin akawa anapanda na kamyo kila aliposikia inaondoka, akisema kwamba anakwenda kuangalia injini.

Dorcelle alipotaka kuolewa alichagua mwezi wa mvua, kwa sababu mvua inasafisha hewa ya mji, ili mama yake aweze kuja, na harusi ilifanyika Jumamosi tarehe 7 Desemba 2024, yaya yangu akiwa amevaa kitenge cha bluu, akicheza akiwa ameketi, mabega tu, na wote waliokuwapo wanakumbuka mabega yale. Alikusudia kurudi Kilwa mara baada ya Krismasi, lakini mvua ile ile ilikata njia, kamyo zikazama kwenye matope majuma mengi, na kumsafirisha mtu mwenye kifua chake katika hali ile kulikuwa kumuua njiani. Alikaa kwa Aristote, upande wa Luano, mbali na kiwanda, Graciella akabaki naye akakataa kuachana naye, na tulifunga madirisha, tukapikia gesi, tukafanya kila tulichoambiwa. Mwezi wa Mei njia ilikauka, lakini baridi ikaingia nayo, moshi wa mji mzima, wa viwanda, wa makala, wa magari na wa majani yanayochomwa, ukashuka juu yetu wote, naye akapatwa na homa ya mapafu.

Alilazwa Jumatatu tarehe 26 Mei 2025. Waganga walipigana, siku nyingine tulipata tumaini, na Jumatano tarehe 11 Juni, mchana, aliomba kifaa cha hewa kiondolewe kidogo ili aseme. Alimwambia Zéphirin kwamba juu ya nyumba, akiulizwa, aendelee kusema ukweli. Alimtazama Graciella, akauliza, “Mulikula?” na Graciella akajibu kwamba wamekula, ingawa hakuna kati yetu aliyekuwa ameweka kitu mdomoni tangu asubuhi, naye akafunga macho ameridhika. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa moja ya asubuhi, mkono wa binti yake ukiwa mgongoni, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Anaacha mume, watoto watatu, mjukuu mmoja, mtoto wa Aristote, wadogo zake, na watoto wengi wa mtaa huu na wa vijiji vya mbali ambao hawajui kwamba walikuwa na mtu wa kuwatetea.

Familia iliketi jana, na kwa kauli moja iliamua kwamba nyumba hii haitauzwa wala kupangishwa kwa watu wenye watoto, itakuwa karakana ya Zéphirin na bohari ya depo, na yeye mwenyewe atahamia kwa Aristote kilio kikiisha, na Graciella atarudi Kilwa kumaliza masomo yake.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, na hasa daktari yule aliyemwambia yaya yangu ukweli mwaka 2016, ambaye yuko kati yetu leo, akiwa ameketi nyuma bila kutaka kujulikana. Tunawashukuru majirani mliotoa viti, maji na usingizi wenu, ba mama wa soko mliofunga meza zenu siku mbili, wanawake wa vijiji mliotembea kuja hapa, kanisa letu, Michée na Lydie, na wewe, mama Kasonde, ambaye hatuna neno la kukulipa, kwa hiyo tutakuita ndugu na kukusumbua kama ndugu. Kama kuna ambaye marehemu alimkosea, aje atuone, tumwombe msamaha badala yake.

Yaya Mbambu, ulitupenda kwa kazi zaidi kuliko kwa maneno, nasi leo hatuna kazi nyingine ya kukufanyia isipokuwa hii moja, ya kukubeba vizuri. Tutakubeba polepole, hatutakuhimiza. Lala, dada yetu, na Bwana akupumzishe katika amani yake.